Umeisoma?

Asainimenti yangu ya kwanza chuoni ilirudi ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. Kurasa nane, marejeo kumi na moja, na mhadhiri alikuwa ameyapita yote kimya mpaka rejeleo la saba. Hapo akachora duara na kuandika pembeni neno moja: "Umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Ilikuwa sura ndani ya kitabu cha zamani kuhusu watoto wanaochelewa kujua kusoma. Nilikuwa nimeiokota kwenye makala ya mtu mwingine aliyeinukuu kwa sentensi moja. Nikabeba sentensi, nikabeba jina la mwandishi, mwaka na namba ya ukurasa, nikavipanga kwenye orodha yangu kana kwamba kitabu chenyewe kilikesha mezani kwangu. Ile makala niliyookotea sikuitaja hata kwa bahati mbaya. Nilidhani huo ndio usomi: majina mengi, na miaka ndani ya mabano.

Nikaenda maktaba na hasira zangu, nia ni kumwonyesha mhadhiri kwamba sentensi ipo. Kitabu kilikuwa rafu ya chini kabisa, ile ambayo ni lazima uchuchumae. Na kweli sentensi ilikuwepo, neno kwa neno: watoto hawa huziona herufi kinyume, b wanaiona d, kwa hiyo shida yao iko machoni. Nikashusha pumzi. Kisha macho yakapanda mstari mmoja juu, nikakuta: "Kwa muda mrefu walimu na wazazi wameamini kwamba..." Aya iliyofuata ilianza kuibomoa imani hiyo, na sura yote iliyobaki ilikuwa ya kueleza kwamba kwa wengi wa watoto hawa ugumu uko kwenye kuzitenganisha sauti zinazojenga neno. Shahidi niliyemwita kunitetea alikuwa shahidi wa upande wa pili.

Swali lile sijawahi kulijibu kwa maandishi. Ila sasa, miaka mingi baadaye, nakaa dawati la msaada maktabani na nalirudia kwa watu wengine, karibu kila siku, hasa wiki zile ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapewa kazi yao ya kwanza ya kuandika.

Wanakuja na ombi moja lenye sura nyingi. "Dada, samahani, naomba makala kuhusu mabadiliko ya tabianchi." Ukimwuliza anataka kujua nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi, anakuangalia kama umemuuliza jina la bibi yake. Anataka makala tano. Mhadhiri kasema zisipungue tano. Namwelewa, kwa sababu mimi nilitaka kumi na moja.

Watu husema wanafunzi wa siku hizi hawajui kutafuta. Sikubaliani nao. Wanatafuta haraka kuliko nilivyowahi kutafuta mimi, na simu iko mkononi kabla sijamaliza sentensi. Kinachowapungukia ni swali. Asiye na swali hawezi kujua kama alichokipata ni jibu, kwa hiyo anatumia kipimo kilichobaki, yaani idadi. Zikitimia tano, kazi imekwisha.

Carol Kuhlthau, mtaalamu wa ukutubi wa Marekani, aliwafuatilia wanafunzi wakiwa katikati ya kazi zao za utafiti, na alichokiandika kuanzia miaka ya 1980 ningependa kila mgeni wa chuo akisikie siku ya kwanza. Tunadhani kadiri mtu anavyopata taarifa ndivyo mashaka yanavyopungua. Kuhlthau aliona mambo yakienda vingine. Mwanafunzi akishachagua mada anapata matumaini, kisha anaanza kusoma huku na huko, na hapo ndipo anapovurugikiwa: vyanzo vinapingana, mada inapanuka, anajiona hajui chochote. Uwazi huja baadaye, akishapata kona yake ya kuitazamia mada. Kwa maneno mengine, kuchanganyikiwa katikati ya safari ni sehemu ya safari. Lakini hakuna anayemwambia hivyo yule kijana aliyekaa mbele ya kompyuta saa nne za usiku. Yeye anahitimisha kwamba hana akili ya chuo, anafunga vichupo vyote kumi na nne vya kivinjari, anachukua matokeo matano ya juu. Nimewaona wengi wakiikatia tamaa kazi hasa pale ilipoanza kuwa kazi.

Kabla hata ya maktaba, wanaulizana wao kwa wao. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Binadamu huanza na aliye karibu. Kundi la WhatsApp la darasa, notsi za waliotangulia, slaidi za mwaka juzi zilizopigwa picha zikiwa zimepinda. Nimewahi kukuta muhtasari wa aina hiyo ambao mtu alikuwa ameandika 1957 badala ya 1975 kwenye makala maarufu ya Vincent Tinto kuhusu wanafunzi wanaoacha chuo. Kosa dogo la kidole. Mwaka huo wa 1957 niliuona tena kwenye kazi za darasa hilo, kisha za darasa lililofuata, umenakiliwa kwa uaminifu kama urithi wa ukoo. Hakuna aliyekuwa mzembe peke yake. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia.

Mada hiyo ya Tinto inanifaa kwa jambo lingine pia. Alikuja binti mmoja na mada nzuri: kwa nini wanafunzi wengine huacha masomo mwaka wa kwanza. Alikuwa na swali, tena zuri, ila alikuwa ametafuta siku mbili na kupata vitu vichache visivyo na mpango. Nikamwomba anionyeshe alichoandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha hifadhidata, ile ghala ya makala mtandaoni. Alikuwa ameingiza swali zima la mhadhiri, kuanzia "Jadili kwa kina" hadi alama ya mwisho. Hifadhidata ikajitahidi kutafuta makala yenye maneno "jadili" na "kina".

Tukalivunja swali. Nani? Wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nini? Kuacha masomo. Tukaandika kila mojawapo kwa majina yake mengine, tukaunganisha majina ya jambo moja kwa AU (kwenye kisanduku huandikwa OR) na mambo mawili tofauti kwa NA (AND). Maneno hayo mawili madogo yametokana na mantiki ya George Boole, mwanahisabati wa Uingereza aliyechapisha kazi yake kubwa mwaka 1854, na bado ndiyo yanayofanya kazi ndani ya hifadhidata nyingi za kitaaluma. Tukaweka alama za kunukuu kwenye maneno yanayotakiwa kukaa pamoja. Matokeo yakaongezeka, lakini si sana.

Kisha akafungua makala moja iliyokaribia, na mimi nikamwomba asiisome kwanza, aangalie tu maneno ambayo mwandishi mwenyewe anayatumia. Akakaa kimya kidogo. "Dada, hawa hawasemi kuacha. Wanasema kubaki."

Ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu wanaoacha chuo yamepewa jina la kinyume chake: kubaki, kudumu, kuendelea. Watafiti wa fani hiyo wanaongelea tatizo kwa kulitaja lisipokuwepo. Ukitafuta kwa neno la mtaani unagonga ukuta. Ukilijua neno la wenyewe unafunguliwa mlango. Hilo hutalifundishwa na kisanduku cha kutafutia. Unalipata ndani ya makala ya kwanza uliyoisoma, halafu unarudi kutafuta upya ukiwa na lugha mpya. Marcia Bates, mtaalamu mwingine wa mambo ya kutafuta taarifa, aliufananisha utafutaji wa namna hii na kuchuma matunda madogo ya porini: unachuma mawili hapa, matatu pale, na kila kichaka kinakuonyesha kingine. Aliandika hivyo mwaka 1989, kabla ya mitambo ya kutafutia tunayoijua leo, na sijaona mfano uliozeeka vizuri kuliko huo.

Kuna ugumu wa ziada kwa anayefikiri kwa lugha moja na kutafuta kwa nyingine. Hifadhidata kubwa zimejaa Kiingereza. Mtu ana wazo zuri kichwani, analitafsiri kwa neno la kwanza la kamusi, neno hilo halitumiwi na yeyote kwenye fani, na anarudi kuniambia "hakuna kitu." Karibu kila mara kitu kipo. Kimevaa jina lingine.

Kuhusu Wikipedia nitasema kwa kifupi, maana ubishi wake umenichosha. Anzia hapo ukitaka. Soma upate ramani na majina, kisha shuka chini kwenye marejeo, ubofye, uondoke. Anayekukataza kuifungua anakudanganya, maana naye huifungua.

Na ukikutana na makala inayodai ulipe, usiikimbie. Ingia kupitia akaunti ya maktaba ya chuo chako, kwa sababu huenda chuo kimeshalipa. Kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia makala za kitaaluma, bofya "matoleo yote" chini ya jina la makala. Mara nyingi mwandishi ameiweka nakala ya bure mahali pengine. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anataka kuwasoma.

Sasa nirudi kwenye neno lile jekundu, kwa sababu kosa langu la mwaka wa kwanza lina ndugu zake wakubwa.

Mwezi Januari 1980 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua ya Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Ilikuwa na sentensi tano. Walisema wamepitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitali, na kati ya 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, walipata wanne tu walioandikwa kuwa wameingia katika uraibu bila kuwa na historia ya uraibu. Hiyo ndiyo barua nzima. Wagonjwa wa wodini, dawa zinatolewa chini ya uangalizi. Haisemi lolote kuhusu mtu anayekwenda na chupa ya vidonge nyumbani akavimeza miezi sita.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada wakaketi kuhesabu barua hiyo imenukuliwa wapi na vipi. Waliikuta mara 608. Katika 439 kati ya hizo, waandishi waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotibiwa kwa dawa hizo. Na katika 491 hawakutaja kwamba wagonjwa waliozungumziwa walikuwa wamelazwa. Wakati huohuo dawa zenyewe zilikuwa zikiandikiwa watu wenye maumivu ya muda mrefu, na uraibu na vifo vikaenea nchini Marekani. Watafiti hao waliona kwamba namna barua ilivyonukuliwa ilichangia kuwatoa madaktari hofu. Leo jarida limeweka ilani juu ya barua hiyo kuwaonya wasomaji.

Sentensi tano! Ni dakika moja ya kusoma. Kama wale wote waliisoma, waliisoma vibaya. Lakini mimi, kwa kujijua, nashuku wengi waliiokota mahali nilipookota sura yangu, yaani kwenye makala ya mtu mwingine.

Wengine hunukuu hata kisichokuwepo. Profesa mstaafu wa Uholanzi, Pieter Kroonenberg, alikutana na rejeleo la mwaka 2000 la mtu aitwaye Van der Geer na wenzake, kuhusu ufundi wa kuandika makala za kisayansi. Akalitafuta jarida, hakuna jarida. Ilibainika kwamba rejeleo lile lilikuwa mfano tu ndani ya kiolezo cha mchapishaji mmoja, la kuwaonyesha waandishi jinsi ya kupanga marejeo yao. Waandishi wakasahau kulifuta, na makala isiyowahi kuandikwa ikakusanya mamia ya manukuu. Anne-Wil Harzing alikisimulia kisa hicho mwaka 2017, na huwa nakitumia kuwachekesha wanafunzi kabla ya kuwaumiza.

Kuwaumiza, kwa sababu tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, kila mmoja wetu ana mtambo wa kuzalisha akina Van der Geer mfukoni. Ukiiomba akili mnemba makala tano, inaweza kukupa tano zenye majina ya kuaminika, miaka inayolingana na kurasa zilizokaa sawa, na mbili kati yake hazijawahi kuwepo duniani. Haidanganyi kwa nia. Inapanga maneno yanayofanana na rejeleo. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuipelekea mahakama hukumu za kesi zilizobuniwa namna hiyo. Mawakili! Watu wenye miaka ya mazoezi kazini. Wanaonijia dawatini na marejeo hewa siwakaripii. Nawaomba tu walibandike jina la makala kwenye kisanduku, ndani ya alama za kunukuu, tuone kama kuna anayeijua zaidi ya mtambo uliowapa. Kimya cha dakika ile kinafundisha kuliko mimi.

Mtambo huohuo una matumizi yanayonifurahisha. Muulize: watu wa fani hii wanaliitaje jambo hili? Utapata maneno kumi, saba yatakufaa. Hilo lingemwokolea yule binti wa kubaki-na-kuacha siku mbili.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa watu wasio wanachuo. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaketisha wanahistoria kumi, wahakiki wa habari kumi na wanafunzi ishirini na watano mbele ya tovuti, wakawatazama wanavyoamua iaminike au la. Wanahistoria na wanafunzi walikuwa wepesi wa kukaa ndani ya tovuti: wanasoma kwa makini, wanatazama nembo, mpangilio, anwani inavyoishia. Wahakiki walitoka haraka. Walifungua vichupo vipya na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu hawa. Wakafika kwenye jibu mapema zaidi, tena la uhakika zaidi. Nilipousoma utafiti huo nilijiona mle, upande wa wanahistoria bila sifa zao, nikikodolea nembo nzuri.

Lakini kwa makala ya kitaaluma, kutoka kwenye ukurasa kuna maana nyingine: kufuata mnyororo. Kurudi nyuma ni rahisi, marejeo yako pale mwishoni. Kwenda mbele, yaani kujua nani aliinukuu baadaye na akasema nini, ilikuwa shughuli pevu mpaka Eugene Garfield alipoanza kuchapisha faharasa yake ya manukuu ya sayansi mwaka 1964. Leo ni kubofya "imenukuliwa na" kwenye Google Scholar. Kiungo kidogo chini ya kila tokeo, na wanafunzi wengi huniambia hawakuwahi kukiona. Ningekibofya kwa ile sura yangu, ningewakuta watu wengine walioinukuu kwa usahihi, na pengine ningeshtuka mapema.

Baada ya kupata, kuna kuandika notsi, na hapa ndipo wizi usiokusudiwa huzaliwa. Unakopi sentensi nzuri kwenye daftari bila alama za kunukuu kwa sababu unajua ni ya nani. Wiki tatu baadaye hujui tena. Inasomeka vizuri, inafanana na fikra zako, unaiingiza. Mimi hugawa ukurasa kwa mstari wa wima: kushoto maneno ya mwandishi, daima ndani ya alama, daima na namba ya ukurasa, kulia maneno yangu, hata yakiwa "sielewi hapa" au "mbona jana yule alisema kinyume?" Upande wa kulia ukibaki mtupu kurasa tatu mfululizo, najua nimeacha kusoma, nanakili tu.

Juzi alikuja kijana niliyemsaidia mwanzoni mwa muhula, mmoja wa wale wa makala tano. Alikuwa na makala moja, imechapishwa, imejaa mistari ya kalamu, na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Dada, hii makala nimeisoma yote."

"Vizuri."

"Si vizuri. Haisemi nilichotaka iseme. Kila mtu anaitaja kana kwamba inakisema."

Nikamuuliza inasema nini. Akavuta kiti, akaitandaza mezani, akaanza kutafuta ukurasa.